Makunduchi ya Uajemi

Wairimu aliniuliza habari za safari yangu ndani ya basi la Perry Barr, tukiwa tumesimama kwa kukosa viti, nikamjibu, "Shoga, hii si hadithi ya kwenye basi." Bi Time akaniuliza kwenye hitima ya watu, nikamwambia hapa si mahali pake. Wengine hamkuuliza kwa mdomo, lakini mnanitazama kila nikipita Alum Rock Road na kikapu changu. Basi leo nimekaa jikoni kwangu hapa Saltley, Birmingham, chai iko mbele yangu, nawaandikieni nyote kwa pamoja ili nisirudierudie. Mambo ya pasipoti na viza nitayaruka. Hayana utamu, na kila mmoja wenu anayajua kwa machungu yake.

Kwa msiotujua vizuri: sisi kwa Mama tulizaliwa wawili tu, Zuleikha na mimi Rukia, pale Malindi, Unguja mjini. Dada Zule kanipita kwa umri mkubwa, na kwa kuwa Mama alikuwa kutwa yuko kwenye cherehani, yeye ndiye aliyenilea. Akaolewa na Hashem, kijana wa Kiajemi aliyekuja Unguja pamoja na mjomba wake, fundi wa saa. Mambo ya Unguja yalipobadilika, Hashem akamchukua mkewe akenda naye kwao, mji mdogo uitwao Maku, karibu kabisa na mpaka wa Uajemi na Uturuki. Mimi na Mama tukaangukia Birmingham, kwa ami yetu. Mwanzo barua zilikuwa zikija. Halafu zikapungua, halafu zikakatika kabisa, miaka ikapita hatujui kama yu hai au kafa.

Mama hakuweza kulitaja jina la mji ule bila ya kulirefusha. "Mwanangu yuko Makunduchi ya Uajemi," akiwaambia wageni, na kwa vile Makunduchi yetu ni kijiji cha kusini ya Unguja, kule wanakopigana kwa migomba siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu yao ya mwaka mpya, watu walikuwa wakicheka, naye akicheka pamoja nao. Wakishaondoka, alikuwa akinyamaza mpaka wakati wa kula.

Moyo wake ulipoanza kumsumbua, na daktari akasema asipande ndege wala asipande ngazi, aliniita akaniambia, "Rukia, nenda ukamtazame dada yako. Ukimkuta, mlete. Kama hayupo, niambie, nijue namwombea dua gani."

Ndivyo nilivyokwenda.

Kutoka Saltley mpaka ng'ambo ya bahari

Kiwandani tunakoshona mapazia nilikuwa nafanya kazi na Nasrin, mwanamke wa Kipakistani, jirani yangu wa mtaa wa pili. Mumewe, aliyekuwa akifanya kazi ya kuyeyusha chuma, alinunua gari dogo la mizigo, akalitia viti na mapazia (tuliyashona sisi), na akaazimia kwenda nalo mpaka kwao kwa barabara. Njia yake ilikuwa inapita Maku. Jina lake Rafiq, na nilipomwambia Mama kwamba nitasafiri na Rafiki, akasema, "Rafiki gani? Hana jina?" Ilichukua muda kumfahamisha kwamba hilo ndilo jina.

Wairimu, unakumbuka ulikuja kuniaga asubuhi ile na sare yako ya unesi, umetoka zamu. Ulinitilia mkononi chupa ya dawa ya tumbo ukaniambia, "Usijifanye ngangari. Ukilemewa, rudi." Mama alitoka mpaka mlangoni akashika fremu ya mlango. Hakulia. Alinipa nazi moja, nzima, ameinunua sokoni mjini. "Zule hajala wali wa nazi tangu atoke kwetu," akasema. "Huko milimani wataipata wapi?"

Nikaifunga nazi ndani ya kanga, nikaiweka miguuni. Rafiki akaitazama, akacheka, akawasha gari. Tulipofika baharini upepo ulikuwa mkali, meli haziondoki. Tukalala ndani ya gari pamoja na Waingereza waliokuwa wanakwenda kupumzika, nao wanatuuliza tunakwenda wapi. Rafiki akiwajibu "Pakistani," wanadhani anatania. Nasrin akatoa chapati zake za samli na achari ya maembe, tukala sote. Huyo Nasrin, nilikuja kujua njiani, alikuwa hajamwona mama yake tangu siku aliyoolewa.

Mkate, supu na nguruwe

Ubelgiji na Ujerumani sina la kuwaambieni ila kwamba barabara ni nzuri na hakuna anayekutazama. Chapati zilikwisha Austria. Kuanzia hapo tukawa watu wa mkate, mayai na chai ya jiko la mafuta ya taa, ambalo Nasrin aliliwasha pembeni ya barabara huku akiwa ameinua shali lake kukinga upepo.

Yugoslavia ndiko tulikokwama kwanza. Gari lilianza kuvuja maji, moshi ukatoka, tukasimama mbele ya shamba la kabichi. Akatoka bibi kizee mmoja, mnene, amefunga kilemba cheusi, akatutazama mmoja mmoja. Hakuuliza kitu. Akatushika mikono mimi na Nasrin akatuingiza jikoni kwake, akatuketisha karibu na jiko, na mwanawe akatoka na koleo kumsaidia Rafiki.

Ikaja supu. Ndani mna vipande vya nyama. Nasrin akanitazama, mimi nikamtazama Rafiki, ambaye alikuwa ameingia kunawa mikono. Lugha hatuna. Rafiki akaona njia ni moja tu: akakionyesha kipande cha nyama kwa kidole, akakunja pua, akaguna kama nguruwe, huku ameinua nyusi kuuliza. Bibi uso ukamng'ara. Akapiga makofi, akenda kabatini, akarudi na paja zima la nguruwe lililokaushwa, akaliweka mbele ya Rafiki, na kisu. Alidhani supu ya kuku haikumtosha mgeni na anaomba anachokipenda.

Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi, na bibi naye akacheka kwa kuniona nacheka. Mwishowe mwanawe ndiye aliyefahamu, akamnong'oneza. Bibi akaliondoa paja lile kwa haraka, akalifunika kwa kitambaa, akatuchemshia mayai. Tulipoondoka alinishika shavu. Mama yangu ana mazoea hayo hayo, ya kushika shavu kwa mkono mzima.

Uturuki

Kutoka Istanbul kwenda mashariki nchi inapanda na kupanda, na kila ukipanda vitu vinapungua: miti, nyumba, wanawake barabarani. Tulikuwa mwezi wa Machi, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani baridi tumeiacha Birmingham. Baada ya Erzurum theluji ilikuwa juu ya barabara, na mlima mmoja mbele yetu ukafungwa. Malori yalijipanga mpaka macho yanapoishia, yote yanakwenda Uajemi: mabomba, mashine, majokofu. Wakati ule Uajemi ulikuwa na pesa za mafuta na ulikuwa ukinunua dunia nzima.

Tulikaa pale siku kadhaa. Palikuwa na mkahawa mmoja wenye jiko katikati, na madereva wa kila taifa wamelizunguka. Mwenye mkahawa alipoona tuna wanawake wawili, alitundika blanketi kwenye pembe tukapata chumba chetu. Alituletea supu ya dengu yenye ndimu, na chai katika vigilasi vidogo ambavyo ukivimaliza tu vinajazwa. Sikujua kwamba ili wasijaze tena lazima ulaze kijiko juu ya gilasi. Nilikunywa chai siku ile mpaka nikaona haya kutoka nje kila mara.

Mimi na Nasrin tulipitisha wakati kwa kutafuta maneno. Yeye anasema la Kiurdu, mimi nasema la Kiswahili, tukikutana tunapigana mikono: chai, kitabu, dunia, safari, rangi, bustani. Alinifundisha na sentensi za Kiajemi alizozijua, maana alisoma mashairi yao shuleni. Nikazikariri zote. "Dada yangu yuko wapi?" "Mimi natoka mbali." Nilijiona nimejiandaa.

Njia ilipofunguliwa, tulipita chini ya mlima mkubwa, mweupe wote, peke yake kwenye uwanda. Rafiki akasema hapo ndipo ilipotua safina ya Nabii Nuhu. Nikamwambia Qur'ani inataja mlima Judi. Akasema ndio huo huo. Nasrin akasema nyamazeni mtazame. Tukautazama.

Forodhani

Mpaka uko juu ya kilima, mahali panapoitwa Bazargan, na Maku ni mwendo mfupi tu ukishavuka. Ofisi ilikuwa na picha ya Shah ukutani na afisa mmoja kijana, masharubu membamba, ana bidii ya kazi. Wenziwe wengi walikuwa wamekwenda makwao kwa sikukuu ya mwaka mpya, Nauruzi, kwa hiyo kila kitu kilikwenda pole pole. Akapekua mazulia ya Rafiki, sufuria za Nasrin, kisha akafungua kanga yangu.

Akaishika nazi. Akaigeuza. Akaitikisa, na maji yakalia ndani. Basi akaiweka mezani taratibu, akarudi nyuma hatua moja, akawaita waliobaki.

Wakaja watatu, kila mmoja akaisikiliza. Mmoja akaleta nyundo. Nikaikumbatia nazi kifuani, nikasema kwa Kiajemi changu cha mkahawani, "Dada yangu! Dada yangu!" Wakatazamana. Kumbe wao walifahamu kwamba kitu kile ndicho nikiitacho dada yangu.

Akatoka chumba cha nyuma mzee mmoja, kofia mkononi, mdomo una mkate. Aliponiona na nazi yangu, akasita, kisha akacheka kicheko kikubwa. "Nargil!" akasema. "Hii ni nargil!" Akawaeleza wale wengine kwa mikono, mnazi ulivyo mrefu, mtu anavyoupanda. Yeye, akaniambia kwa Kiingereza cha kuungaunga, alifanya kazi miaka mingi kusini, baharini. Akaniuliza, "Wewe ni Bandari?"

Neno hilo si geni kwangu. "Ndiyo," nikamwambia, "nyumbani kwetu ni bandarini." Akafurahi sana. Alidhani ni mtu wa Bandar Abbas, ambako wako Waajemi weusi, nami nilidhani anajua Malindi yetu. Tulizungumza hivyo muda mzima, kila mmoja na bandari yake, mpaka nilipotaja jina la Unguja akaniangalia upya.

"Maku yuko mwanamke," akasema. "Mweusi kama wewe. Alikuwa akija hapa na mumewe, aliyekuwa karani wa malori. Kila akija anatuuliza: hakuna lori lililopakia nargil? Tulikuwa tukimcheka. Nani atapakia nargil kuleta huku?"

"Anaitwa Zuleikha?"

"Wanamwita mke wa Hashem." Akaivaa kofia yake, akaivua tena. "Siku hizi haji. Hashem gari lake lilianguka huko mlimani. Barf," akasema, akionyesha dirishani. Theluji. Hilo halikuhitaji mkalimani. Barafu ndiyo iliyomuua shemeji yangu.

Hodi

Maku imebanwa ndani ya bonde, na juu ya nyumba zake umesimama mwamba mkubwa ulioinama mbele, ukitazama juu unadhani utakuangukia na mji wote. Chini unapita mto wenye maji ya rangi ya udongo. Rafiki aliegesha gari barabara kuu, na hapo nikaanza kuzitoa sentensi zangu za Kiajemi. Muuza mikate akanitazama tu. Muuza viatu akaniitia mwenziwe. Hakuna aliyenijibu nilichofahamu, maana watu wa Maku baina yao husema Kituruki, na Kiajemi changu chote hata wale waliokisoma shuleni hakikuwafikia masikioni. Lakini hawakuhitaji maneno. Waliutazama uso wangu, wakaninyooshea kidole njia ya juu, uchochoro wa tatu hivi, mlango wa buluu.

Nasrin alikuja nami mpaka mlangoni. Nikagonga. Sauti ya ndani ikauliza kwa Kituruki, nadhani ni kuuliza nani. Niliijua sauti.

Nikasema, "Hodi."

Nikagonga tena.

Nikasema tena, "Hodi, hodi wenyewe."

Kikaanguka kitu cha bati. Halafu ile sauti, pole pole, ikipapasa, ikasema, "Ka... karibu."

Mlango ukafunguka. Dada Zule alikuwa amekonda, amejifunga kitambaa cha maua kichwani, mikono ina unga. Hakunikumbatia. Alinishika mabegani, akanitazama, akauliza neno moja: "Mama?"

"Yu hai."

Ndipo tukakaa chini pale pale kizingitini, tukalia, na Nasrin amesimama uchochoroni analia na yeye kwa mama yake wa Pakistani.

Rafiki na Nasrin walikula nasi mchana ule, wakaaga, wakaendelea na safari yao. Mimi nikabaki.

Nyumba ya Haji Kurbani

Nyumba ilikuwa ya baba yake Hashem, mzee aitwaye Haji Kurbani, mjane, muuza ngozi. Pamoja nao alikuwako Mahini, binti wa Dada Zule, wa pekee, mrefu kwa umri wake, ana macho ya Mama yangu yaliyotiliwa nyusi za Kiajemi. Dada alikuwa akisema naye Kiswahili, na mtoto akifahamu kila neno, lakini akijibu kwa Kituruki. Dada mwenyewe Kiswahili chake kilikuwa kimekaa pale tulipoachana. Akisema "heri ya mwezi" na "nipe khabari za mtaani" nikamsikia Mama wa zamani. Maneno mengine yalimkimbia. Alishika kijiko akakitazama muda mrefu, akaniuliza, "Hiki sisi tunakiitaje?"

Asubuhi yake tukaazimia kupika wali wa nazi. "Lakini tutapata wapi mbuzi?" Dada akasema, kwa kukusudia mbuzi ya kukunia nazi. Mahini alikuwa mlangoni, akasikia, akatoka mbio. Kabla hatujavunja nazi akaingia Haji Kurbani mwenyewe, anahema, amebeba paja la mbuzi aliyetoka kuchinjwa kwa jirani. Ameambiwa mgeni wetu anataka mbuzi. Tulivyomweleza, alicheka mpaka akaketi. Nawaambieni haya ili msije mkadhani alikuwa mtu mbaya.

Nazi tuliivunja kwenye jiwe la uani. Ilikuwa imeoza. Maji yake yalitoka ya kijivu, na nyama ya ndani imekuwa laini na inanuka. Nilianza kuomba radhi. Dada akaikamata nusu moja, akaisogeza puani, akafumba macho. Alikaa nayo hivyo, na harufu ile mbaya, mpaka chai ikapoa. Kisha akaitupa, akanawa, tukapika mbuzi kwa mbaazi zao na mkate mwembamba kama kanga.

Nilingoja siku kadhaa ndipo nikasema nilichotumwa. Jioni moja, Haji ameketi juu ya godoro lake na chai, nikamwomba Dada anitafsirie. Nikasema mama yetu anaumwa. Nikasema anamtaka mwanawe na mjukuu wake, hata kwa muda. Nikasema Birmingham iko shule, iko nyumba, mimi nina kazi. Dada akatafsiri, macho kayaweka kwenye zulia.

Haji akajibu kwa maneno mengi. Alisema taratibu, akataja jina la Hashem mara nyingi, mara moja sauti ikamkatika akangoja irudi. Alipomaliza nikamgeukia Dada.

"Anasema chai yako inapoa," Dada akaniambia.

Nikainywa. Tulipokuwa peke yetu jikoni, ndipo akaniambia mengine. "Anasema mimi ni mtu huru, mlango uko wazi, atanilipia hata njia. Lakini Mahini ni damu ya mwanawe, na mwanawe hana alichobakisha duniani ila yeye. Na sheria ya hapa iko upande wake, Rukia. Nilishauliza."

"Kwa hiyo ndio maana hukuandika?"

Alikuwa anakanda unga, hakuacha. "Ningeandika nini? Ningesema Hashem kafa, Mama angesema rudi. Nikirudi namwacha mtoto. Nisiporudi nimemwasi Mama. Nikaona bora asijue, asipate la kuniamrisha."

Nilitaka kumkasirikia. Nimekaa na Mama miaka yote ile, nimemwona akinyamaza. Lakini nilipotazama ile mikono ikikanda, hasira haikuja. Nikachukua bonge la unga nikakanda pembeni yake.

Siku ya kumi na tatu

Siku ya kumi na tatu ya mwaka wao mpya hakai mtu nyumbani. Mji mzima hutoka kwenda mashambani, na sufuria, na mazulia, na wazee wamebebwa. Sisi tulikwenda kando ya mto juu ya mji, ambako majani yalikuwa yameanza kuchipua na theluji bado iko vivulini. Haji akawasha moto. Jirani wakaja na mchuzi wao wa vyungu vidogo, nyama na dengu, unaoupondaponda kisha ukala kwa mkate. Wanawake waliniketisha katikati, wakanishika nywele, wakaniuliza kupitia kwa Dada kama Unguja kuna jua usiku.

Dada akaniambia, "Unaona? Huu ndio Mwaka Kogwa. Hawapigani kwa migomba, lakini ndio huu. Babu zetu waliutoa huku." Akacheka. "Mwambie Mama hakukosea. Hii ni Makunduchi."

Wasichana walikuwa wakifunga mafundo kwenye majani mabichi, kila fundo na ombi lake. Mahini alifunga, akaja akasimama mbele yangu akasema jambo. Nikamwangalia Dada.

"Anauliza kama Bibi yake ana meno."

"Mwambie anayo machache," nikasema, ingawa sikuhitaji kumwambia amwambie, mtoto keshafahamu. Akafikiri. Akauliza tena: Bibi akicheka anafunika mdomo? Nikasema ndiyo. Akatazamana na mama yake, na wote wawili, palepale, wakafunika midomo yao.

Tuliporudi, njiani, nilimwomba Dada kwa mara ya mwisho. Nilimwambia aje peke yake, mwezi mmoja, amwone Mama, arudi. Alimtazama Mahini, aliyekuwa mbele na babu yake.

"Nikivuka ule mpaka," akasema, "sitajua kurudi. Najijua. Nikimwona Mama nitakaa. Na huyu ataamka asubuhi aulize niko wapi, kwa Kituruki, na mimi siko wa kumfahamu."

Sikuomba tena.

Kurudi

Basi la kutoka Tehran kwenda Istanbul lilikuwa lipite Maku asubuhi. Likachelewa. Tulingoja barabara kuu mbele ya mkahawa, upepo unatoka mtoni, Haji ameninunulia mikate ya njiani na mfuko wa zabibu kavu. Dada alinitengeneza kola ya koti, akanitengeneza tena. Mahini aliniegemea ubavuni. Mchana ulipofika ndipo basi likatokea kwenye kona, limejaa vumbi, na dereva hakutaka kuzima injini. Nikapanda. Nilifuta kioo kwa kiganja nikamwona Dada kandokando ya barabara, mkono mmoja juu ya kichwa cha mtoto, mwamba mkubwa uko nyuma yake. Nikamtazama mpaka barabara ikapinda.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu, na nilikuwa na jirani Mturuki aliyekuwa akienda kazini Ujerumani, akanigawia jibini yake kila akila. Aliniuliza kwa ishara kama nina mtoto Maku. Nikatikisa kichwa. Akaniuliza mama? Nikaonyesha nyuma, kisha mbele, maana yule aliyenilea nilikuwa nimemwacha kule, na aliyenizaa nilikuwa namwendea. Akanipa jibini nyingine.

Nilifika Birmingham mvua inanyesha. Mama alikuwa kitandani chini, ameletewa kitanda sebuleni kwa ajili ya ngazi. Wairimu, wewe ndiye uliyenifungulia mlango, kisha ukaondoka bila ya kuambiwa, na mpaka leo sijakushukuru kwa hilo.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamwambia yote. Kwamba yu hai. Kwamba Hashem alifariki. Kwamba ana mjukuu mwenye macho yake, anayefahamu Kiswahili. Kwamba hawezi kuja, na kwa nini hawezi. Nilikuwa naogopa atalia, au atanilaumu kwa kurudi mikono mitupu. Hakufanya lolote katika hayo. Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vinatembea juu ya shuka kama anayetafuta mshono.

Halafu akauliza, "Ulipoondoka, ulimwacha ameketi au amesimama?"

"Amesimama, Mama. Tulisimama tangu asubuhi, tukingoja basi."

Akageuza uso upande wa dirisha. Nje watoto wa jirani walikuwa wakipiga mpira ukutani.

"Ungemwambia aketi," akasema.